Kumtunza mzazi asipatwe na sonona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya huulizwa kliniki, kwenye mikeka ya waliokuja kumwona mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, na mengine huja kwa simu usiku wakati wenye nyumba wamelala. Nayajibu kama mkunga. Kinachohitaji daktari nimesema kinahitaji daktari.

Wifi yangu amejifungua juzi, leo analia bila sababu. Ndiyo sonona hiyo?

Kwa siku ya tatu, mara nyingi siyo. Kuanzia siku ya pili au ya tatu homoni za mimba zimeshuka kwa kishindo, maziwa yanajaa, usingizi hakuna. Zaidi ya nusu ya wazazi hulia kwa jambo dogo katika siku hizo: uji umepoa, mtoto kapiga chafya, mama yake kachelewa kufika. Saa hiyohiyo unamkuta anacheka. Hali hiyo huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili, na tiba yake ni kulala, kula na kutosemwa.

Wiki mbili zikipita na bado yuko vilevile, au hata kabla ya hapo akiwa hali, halali na hamtaki mtu, msisubiri.

Sasa sonona yenyewe inaonekanaje?

Watu wanatafuta machozi, na wengi wanaougua hawalii kabisa. Mmoja amekauka: anamnyonyesha mtoto, anambadilisha nepi, anampa bibi, lakini usoni hakuna kitu. Mwingine amekuwa mkali, kila neno ni ugomvi. Mwingine hofu imemshika, usiku anaamka mara kumi kusikiliza kama mtoto anapumua. Kuna anayesema mwili wote unauma, kichwa hakiachi, moyo unamwenda mbio, na anazunguka maduka ya dawa akinunua za maumivu. Juu ya hayo yote kuna lile wasilolisema mpaka uulize: anajiona hafai kuwa mama wa huyu mtoto.

Huanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, na kwa wengine ilianzia kwenye mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa kuliko yote ni sonona. Pale kliniki siku ya chanjo benchi likijaa, hesabu mwenyewe.

Tahadhari moja. Uchovu mkubwa, moyo kwenda mbio na kizunguzungu vinaweza kuwa upungufu wa damu, na kwetu huku malaria haiko mbali. Mzazi wa namna hii apimwe damu na malaria pia. Anaweza kuwa na vyote viwili, damu pungufu na sonona, na kutibu kimoja hakutoshi.

Nikimuuliza anasema "sijambo". Nitajuaje?

"Hujambo" ni salamu, na jibu lake linajulikana kabla hujauliza. Kliniki nako hali ni hiyohiyo: mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, chanjo inachomwa, na mama mkwe aliyefuatana naye ndiye anayejibu maswali yote. Mzazi mwenyewe anatoka pale hajasema maneno matano.

Mkae wawili tu, mikono ikiwa na kazi. Mnachambua kisamvu, au unamshikia mtoto yeye akila. Uliza vitu vya kushikika:

"Usingizi unaupata?"
"Nalala."
"Mtoto akilala na wewe unalala, au macho yanabaki wazi?"
"Yanabaki wazi."
"Unawaza nini saa hiyo?"

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Asiyeweza kulala hata mtoto akiwa amelala na nyumba imetulia, huyo mfuatilie. Muulize pia kama kuna kitu kinamfurahisha siku hizi, kama anakula kwa kuwa anataka au kwa kuwa kaletewa, na kama anaona watu wangekuwa salama zaidi bila yeye. Swali hilo la mwisho halimpandikizii mtu wazo. Aliyekuwa nalo hupata pa kulitua, asiyekuwa nalo atakushangaa tu.

Watoa huduma wana orodha ya maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, yanayohusu siku saba zilizopita, na imeshatumika kwa Kiswahili. Ukifika kituoni unaweza kuomba aulizwe. Ni dakika chache.

Mimi nimezaa saba, hatukuwa na mambo haya. Wasichana wa siku hizi si wamezidi kudeka?

Shikamoo mama. Yalikuwepo. Kila kijiji kilikuwa na yule aliyesemwa kuwa "uzazi wa pili ulimpanda kichwani", au yule aliyemkataa mtoto akalelewa na bibi. Kilichokuwa kingi zamani ni watu. Ulipojifungua wewe, ndugu zako walikuwa nyumba ya pili na ya tatu. Leo binti yako anajifungua chumba cha kupanga Chikongola, mume yuko kazini, na jirani hamjui hata jina. Wewe ndiye unayejua uzazi unavyotunzwa, kwa hiyo msaada mkubwa uko mikononi mwako. Ila neno "kudeka" likitoka kwako, yeye atafunga mdomo, na hatakwambia tena.

Sisi tuna arobaini. Si inatosha?

Arobaini ni kitu kizuri na sitaki mtu aiache. Mzazi amekaa ndani, maji ya moto yanachemshwa, anakandwa, analetewa uji, wakubwa wapo, kazi nzito hagusi. Huko kwingine duniani wataalamu wanapoandika jinsi ya kumkinga mama na sonona, wanaandika mambo ambayo bibi zetu wa Newala na Kilwa wanayafanya kila siku.

Tatizo naliona sehemu tatu.

Kwanza, macho yote yako kwa mtoto na kwa tumbo. Wageni wanaingia, mtoto anapokezanwa, anasifiwa kafanana na babu, halafu wanageuka kuuliza tumbo limerudi? Maziwa yanatoka? Kitovu kimedondoka? Hakuna anayeuliza kuzaa kwenyewe kulikuwaje, na huenda alizaa kwa shida, akachanika, au akafokewa akiwa kitandani na hana wa kumweleza.

Pili, wageni wenyewe. Mtu hajalala usiku, saa mbili asubuhi wameingia sita, wanataka kumwona mtoto na wanataka chai. Awepo mtu mmoja wa kusimama mlangoni, shangazi au somo wake aliyemfunda, mwenye mamlaka ya kusema: "Mzazi amelala, njooni jioni." Hatasemwa vibaya, maana mkubwa ndiye aliyesema. Na zile wiki sita za kufungiwa kwenye chumba chenye giza, dirisha limezibwa kwa khanga, kwa mtu ambaye moyo umeshalemewa si nzuri. Mila haivunjiki mzazi akikaa uani asubuhi mtoto akiwa mapajani, akaona jua na akasikia watu.

Tatu, na hapa ndipo ninapogombana na watu, ni siku ya arobaini na moja. Siku ile watu wanakula, wanashukuru, wanafunga mizigo. Bibi anarudi Masasi, dada anarudi chuoni, na wengi waliojifungulia kwao wanapakiwa kwenye basi kurudi kwa mume. Kesho yake mzazi anapika, anafua, anachota maji, analea, na mtoto wa wiki sita ndiyo kwanza analia jioni nzima. Wengi ninaowaona na sonona huja kati ya mwezi wa pili na wa nne, na wanasimulia hivyohivyo: "Walipoondoka tu." Kwa hiyo msaada upungue kidogo kidogo. Kama mko watano wa kusaidia, msije wote wiki ya kwanza. Gaweni zamu mpaka mwezi wa nne, hata ikiwa ni mtu mmoja kuja siku mbili kwa wiki.

Kazi gani hasa tumsaidie?

Usimuulize "nikusaidie nini?" Atasema hakuna. Fanya hizi:

Maji. Kule juu Newala na Tandahimba kila mtu anajua uzito wa neno hili. Mzazi akikuta ndoo zimejaa asubuhi, nusu ya siku yake imeshapona.

Usingizi. Saa nne au tano mfululizo, mara moja kwa siku. Anyonyeshe, umchukue mtoto, uende naye nyumba ya jirani asimsikie akiguna, umrudishe akitaka ziwa. Kama kuna kitu kimoja tu unaweza, fanya hiki.

Chakula kinacholiwa na yeye, siyo na wageni. Ugali wa muhogo, samaki, kisamvu cha karanga, uji mzito. Na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, maana vingi vinabaki kabatini.

Watoto wakubwa: waogesheni, wapelekeni shule. Yule wa miaka miwili aliyeachishwa ziwa juzi na sasa kamuona mwenzake analinyonya ndiye anayemmaliza mama yake. Mchukue ukacheze naye.

Na kumsindikiza kliniki. Mahudhurio baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Wengi wanahudhuria la kwanza kwa kuwa bado wako wodini, na hayo mengine wanaona ni ya mtoto. Ni ya mama pia.

Mimi ni mume. Nikiingia chumbani wananifukuza. Nifanye nini?

Wakati mwingine wanakufukuza kwa sababu ulisimama mlangoni ukatazama. Ingia na kitu: ndoo ya maji, kuni, mkaa, nepi ulizofua. Ndiyo, ulizofua. Usiku ni wako zaidi kuliko mchana, maana wakati huo wasaidizi wamelala. Mtoto akishanyonya, wewe mbebe mpaka acheue, umlaze.

Sheria ya kazi inakupa siku 3 za likizo ya uzazi ukiwa umeajiriwa, na mkeo 84, au 100 kama ni mapacha. Siku tatu zinaishia kwenye kumtoa hospitali na kununua mahitaji, kwa hiyo zingatia saa za kurudi nyumbani kuliko likizo. Pesa nayo iseme mapema. Mzazi asiyejua kesho watakula nini halali hata ukimnunulia godoro jipya.

Liko na hili la kumbemenda mtoto. Wanaume wengi huambiwa wakae mbali na mke anayenyonyesha, na wanachukua maneno hayo kama ruhusa ya kulala kwingine. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimdhoofishi mtoto. Subiri tu mkeo apone na awe tayari yeye, na zungumzeni uzazi wa mpango kliniki. Lakini hata ukiamua kufuata mila, mila hiyo haikukataza kukaa naye, kula naye na kumuuliza siku yake imekwendaje. Mwanamke anayejua mumewe ana pengine pa kulala, huyo ameshabeba nusu ya ugonjwa. Anayepigwa, zaidi.

Uzazi umeangukia msimu wa korosho. Kila mtu yuko shambani.

Hili ni letu wenyewe, vitabu havilisemi. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba familia nzima iko chini ya mikorosho kuokota korosho na kuzungumza habari za mnada, na mzazi anabaki nyumbani na kuku. Ukijua mimba itafika miezi hiyo, kaeni kikao tangu Julai au Agosti: nani hataenda shamba, na atafidiwa nini. Msichana wa miaka kumi hahesabiki kama mtu wa kumwangalia mzazi. Familia mbili za jirani zinaweza kubadilishana, leo wa kwetu anabaki, kesho wa kwenu.

Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Aliyewahi kuugua sonona, kwenye uzazi uliopita au wakati wowote. Aliyekuwa na huzuni nzito au hofu kwenye mimba. Asiyeitaka mimba, aliyekataliwa nayo, anayepigwa, anayeishi na umaskini usio na mwisho. Aliyepata matatizo ya kujifungua, au mtoto njiti aliyekaa wodini wiki kadhaa. Aliyepimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI wakati wa mimba na bado hajamwambia mtu. Ukimjua mtu wa namna hii, usingoje dalili. Msaada uanze mimba ikiwa bado tumboni.

Mabinti nawaweka peke yao. Wa miaka kumi na sita aliyetoka shule amepoteza rafiki zake wote kwa mpigo, anasemwa nyumbani, na kijana aliyempa mimba yuko Dar es Salaam simu haipokei. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shule. Mwambie hilo mapema, ukiwa na mpango wa nani atamshika mtoto. Nimeona uso wa binti ukibadilika kwa habari hiyo kuliko kwa ushauri wowote.

Lakini haya mambo ya kuongea na kusaidiana yanatibu kweli, au ni maneno tu?

Vijijini Pakistan watafiti waliwafundisha wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wa kawaida wasio madaktari, namna ya kumtembelea mjamzito mwenye sonona na kuzungumza naye kwa utaratibu mpaka baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa 2008. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100 kwa waliotembelewa kwa mpango huo, na 53 kati ya 100 kwa waliotembelewa kawaida tu. Shirika la Afya Duniani likautoa kama mwongozo mwaka 2015. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao na sisi, wanapita na mikoba yao. Siku akipita kwako, mwambie habari ya mzazi, siyo ya choo na chandarua pekee.

Mtoto amefariki. Tumwache apumzike tu?

Hapana. Huyu anahitaji arobaini yake yote, na anainyimwa kwa sababu hakuna mtoto wa kuja kumwona. Siku ya tatu maziwa yatajaa, na hakuna aliyemwandaa. Avae sidiria inayombana kiasi, awekewe kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu akizidiwa na maumivu. Akikamua mpaka yaishe yatazidi kutoka. Nguo za mtoto msizifiche bila kumuuliza. Na tafadhali acheni "Mungu atakupa mwingine." Alikuwa anamtaka huyu. Mwite kwa jina kama alishapewa.

Anasema anasikia watu wakimwita, halali siku tatu, anasema mtoto si wake. Tumpeleke kwa mganga?

Hospitali, leo, hata kama ni usiku. Hiki si kile kilio cha siku ya tatu wala sonona ya kawaida. Ni ugonjwa mkali wa akili unaowapata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na hugeuka haraka: asubuhi yuko sawa, jioni humjui. Asiachwe peke yake, na mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine. Msibishane naye kuhusu anayoyasikia. Msimfunge kamba, msimfukizie moshi. Namba ya m-mama, 115, haina malipo na ni ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, pigeni. Gari likichelewa, chukueni bajaji mkiwa watu wazima wawili naye, siyo bodaboda.

Anayetaka kumsomea dua au kumwombea, amsomee njiani na wodini. Dawa isikatishwe kwa ajili ya hilo. Ugonjwa huu unatibika na wengi hurudi wazima kabisa.

Amesema bora afe.

Mwamini. Kaa naye, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na kabla ya kutoka ondoeni dawa ndani. Nyumba zetu zina chupa za kupulizia mikorosho chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Zihamishieni kwa jirani, pamoja na vidonge vyote.

Akipewa dawa ataacha kunyonyesha?

Kwa kawaida hapana. Zipo dawa za sonona, kama sertralini, zinazoingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na madaktari huzitoa kwa wanaonyonyesha. Aseme tu kuwa ananyonyesha. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla hajaona nafuu, na wengi huzitupa wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Akipata nafuu asiache ghafla, daktari ndiye atakayempunguzia. Wenye sonona isiyo kali wanaweza kupona kwa ushauri nasaha bila kidonge.

Baba naye anaweza kuugua?

Anaweza, na tafiti zinaonyesha karibu mmoja kati ya kumi. Kwake huonekana kama pombe, hasira na kutokaa nyumbani, kwa hiyo anatukanwa badala ya kuulizwa.

Nilikwenda zahanati nikaambiwa nikazane kusali. Niende wapi sasa?

Pole. Muombe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, akuandikie rufaa, au nenda hospitali ya wilaya umuulize mratibu wa afya ya akili. Kwa Mtwara mjini kuna Ligula na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Lindi mjini ni Sokoine. Wa Masasi wako karibu na Mkomaindo na Ndanda, wa Mtama wana Nyangao. Mapokezi usiseme "naumwa kichwa", utapewa panado na kurudi nyumbani. Sema: "Nimejifungua mwezi fulani, silali, sina raha, nataka kuonana na mtu wa afya ya akili." Nenda na mtu, abebe mtoto, na akusaidie kurudia sentensi hiyo ukishindwa.